Profesa Mipira, Mwalimu wa Michezo wa Chuo cha Wenye Akili

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi wageni mliotoka Chuoni. Familia imenikabidhi mimi kazi ya kusoma habari za maisha ya kaka yetu. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, ambaye hadi juzi alikuwa akiniita Kitinda. Ni fundi cherehani, si msomi, kwa hiyo nitasoma polepole, na nilichoandika ndicho nitakachosoma.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika zahanati ya kambi ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa fundi wa injini na mama mwuza sabuni. Alitanguliza miguu. Mama alisimulia kwamba mkunga alitoa jasho hata khanga yake ikalowa, kisha akasema, "Huyu ana mahali anapowahi."

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kambini kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974. Katika hesabu aliongoza darasa miaka yote minne. Nalisema hili kwa sababu wapo waliodhani kwamba mtu hufundisha mpira kwa kukosa akili ya kufundisha kingine. Cheti ninacho nyumbani, anayetaka kukiona aje. Baba alitaka mhandisi, naye akachagua chuo cha ualimu, fani ya michezo. "Baba, hesabu nitazitumia kuhesabu magoli," alisema. Baba akamjibu, "Basi utakuwa na kazi nyepesi," na hakumsemesha tena kwa wiki tatu. Alihitimu Novemba 1977, akafundisha sekondari miaka saba, na tarehe 7 Januari 1985 akaajiriwa Chuoni.

Chuo kilikuwa chuo cha wenye akili, na kilihakikisha kila anayepita langoni anaambiwa hivyo. Kaka alipewa ofisi katika stoo iliyo chini ya tangi la maji, penye mfuko wa chokaa, nyavu mbili zilizoliwa na panya, na kiti cha miguu mitatu. Barua zake zilimtaja kama Mtunza Vifaa, Daraja la Pili. Wanafunzi walimbatiza Profesa Mipira, na wahadhiri, watu wazima wenye miwani, wakalidaka jina hilo na kucheka nalo kwenye chai. Mmoja akimwita hivyo, kaka aliitika, "Naam, mwenzangu." Hapo kicheko kilikatika.

Timu zilifungwa. Sitawadanganya, zilifungwa sana. Lakini kaka hakuchukizwa na kufungwa. Kilichomchukiza ni wimbo. Kila Chuo kilipopigwa mabao manne au matano, wanafunzi waliokuwa jukwaani walisimama na kuwaimbia washindi, "Kesho mtatuomba kazi!" Hiyo ndiyo iliyokuwa ari ya michezo ya Chuo. Mwaka 1991 kaka aliingia katikati ya uwanja mechi ikiendelea, akamwomba refa asimamishe mchezo, akaenda hadi jukwaani. Akawaambia, "Wenzenu wamewashinda kwa sababu wameamka mapema kuliko ninyi. Pigeni makofi, au nendeni mkasome." Wengi walikwenda kusoma.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: maktaba ya Chuo ni nzuri, na ndiko kaka alikopata mke. Shemeji yangu alikuwa mkutubi wa zamu ya asubuhi. Kaka aliazima kitabu kimoja cha kemia mara sita mfululizo. Mara ya saba shemeji akamwuliza, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Akajibu, "Sijatoka hapa mezani kwako." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu.

Sasa nitaeleza habari ya mwaka 1998. Niliiona mwenyewe, na bila hiyo huwezi kumjua kaka.

Mwaka ule timu ya wasichana ya mpira wa pete ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wachezaji saba, watano wakiwa wanafunzi wa famasia. Walifanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya vipindi, kwenye uwanja ambao kaka aliuchora chokaa kwa mkono wake. Chuo hakikuwa na jezi za wasichana. Nilishona sketi saba za zambarau kwa kitambaa cha mapazia ya ukumbi yaliyokuwa yametolewa ili yatupwe. Zilikaa vizuri, nasema mwenyewe.

Nusu fainali ilipangwa Jumamosi, tarehe 17 Oktoba, saa nane mchana, katika mji wa jirani. Siku nne kabla, Kitivo cha Famasia kilibandika tangazo: mtihani wa vitendo wa Jumatatu umeletwa mbele, utafanyika Jumamosi hiyo, saa nane mchana.

Kaka alikwenda mbele ya kamati ya kitivo. Mimi nilikaa nje kwenye benchi na mfuko wangu wa sketi, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Walikuwa watu tisa na birika la chai.

Mkuu wa Kitivo akasema, "Bwana Michezo, sisi hapa hatuzalishi miguu."

"Sijaomba miguu, mheshimiwa. Nimeomba mtihani urudi siku yake."

"Na wakishinda, itawasaidia nini?"

"Watajua kwamba wanaweza kushinda."

Mtu mmoja akacheka. Mkuu akasema, "Hilo wanalijua, ndiyo maana wako hapa." Kisha akaomba sukari.

Wasichana walikuwa tayari kuugomea mtihani. Nahodha wao, binti mwembamba mwenye sauti nzito, alisema mbele yangu, "Kocha, sisi tunakwenda na wewe." Kaka alikataa. Aliwaambia, "Mkifeli, watasema ni mpira, na baada yenu hakuna binti atakayeruhusiwa kugusa mpira hapa. Nendeni mkafanye mtihani." Mmoja alilia. Kaka aligeuka akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndara.

Jumamosi tulisafiri watu wanne: kaka, mimi, na wachezaji wawili ambao hawakuwa wa famasia. Refa alisubiri dakika kumi na tano, akapuliza filimbi, na wenyeji wakapewa ushindi wa mezani. Kaka aliwapanga wachezaji wake wawili mstarini, mstari wa watu wawili, wakawapa wapinzani mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyeimba kuhusu kazi.

Tuliporudi jioni tuliwakuta wale watano wamekaa kwenye ngazi za maabara. Mtihani haukuwa umefanyika. Kemikali hazikuwa zimeletwa, na msimamizi hakutokea. Karani alikuja saa kumi na moja kuwaambia warudi Jumatatu.

Jumatatu. Siku ile ile ya awali.

Hakuna aliyewaomba radhi. Mwaka uliofuata Chuo kilichapisha kijitabu cha kuvutia wanafunzi wapya, na ukurasa wa tatu ulikuwa na picha ya wasichana saba wenye sketi za zambarau, chini yake maneno, "Tunalea akili na mwili." Kaka aliukata ukurasa huo akaubandika mahali ambapo heshima ya shughuli hii hainiruhusu kupataja. Alisema umepata makao.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2016, baada ya miaka thelathini na moja. Agosti 2017 alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi alimpa kimpira akibinye, naye akakipima mkononi, akasema, "Huu hauna upepo." Kwa karibu miaka miwili aliyougua, kutoka Chuoni alitembelewa na mkata nyasi, kila Alhamisi, na mara nne na yule nahodha, ambaye sasa ni mfamasia. Wengine walikuwa na shughuli. Alifariki Jumatano, tarehe 5 Juni 2019, saa tatu asubuhi, mke wake akimnyoa ndevu.

Wasifu kama huu kwa kawaida husema marehemu hakuwa na kinyongo na mtu. Kaka alikuwa nacho. Alikitunza vizuri, kama alivyotunza kila alichokabidhiwa.

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu wanne, ndugu watatu nikiwemo mimi, na wachezaji ambao siwezi kuwahesabu. Saba kati yao ndio watakaobeba jeneza.

Chuo kimeomba dakika kumi za hotuba, na kimetuletea karatasi inayosema marehemu alijenga ari ya michezo chuoni. Aliyekuwa Mkuu wa Kitivo tuko naye, mstari wa pili. Karibu, mheshimiwa. Mwezi wa Februari kaka aliniambia, "Kitinda, wakija kunizika, wape viti. Kipaza sauti usiwape."

Viti mmepewa.

Mwenyezi Mungu ampumzishe kaka yetu kwa amani.