Verna Rautio, Mpimaji wa Magogo na Bunduki (1957–2022)

Verna Elina Rautio, tunayemzika leo tarehe 14 Mei 2022, alifariki mwezi Januari. Mnajua wote kwa nini tumechelewa. Ardhi ya hapa kwetu Elo ilikuwa imeganda, na mchimba kaburi alitutumia habari wiki iliyopita tu kwamba koleo limeanza kuingia. Mimi ni Roy Kinnunen, mdogo wake wa pekee. Shemeji yangu Dale ameniomba nisome maana yeye hawezi, na Verna mwenyewe, alipokuwa bado anasikika, aliniagiza mambo mawili: nisimwite shujaa, na nisirefushe. La kwanza nitalitimiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba ya baba yetu, Eino Kinnunen, na mama yetu, Saima, kwenye shamba la viazi na ng'ombe wa maziwa upande wa kaskazini wa kanisa hili. Barabara ilikuwa imefungwa na theluji, kwa hiyo mkunga hakufika; jirani ndiye aliyempokea. Mama alikuwa akioka mkate mtamu wa iliki kila Jumamosi, na kipande cha mwisho kilikuwa vita kati yetu wawili. Verna, akiwa na miaka minane hivi, ndiye aliyeleta amani. Aliniambia, “Mimi nakata, wewe unachagua. Mkataji hachagui.” Tangu siku hiyo sikuwahi kuona vipande viwili vya mkate vilivyolingana kama vile. Aliinama mpaka pua ikaribie kugusa meza kabla ya kushusha kisu.

Alisoma hapa Elo, kisha akaenda shule ya sekondari ya L'Anse, alikomaliza mwezi Juni 1975. Huko ndiko alikojiunga na timu ya kulenga shabaha. Uwanja wao ulikuwa chini ya ukumbi wa chakula, na alirudi nyumbani ananuka baruti na kabichi ya kuchemsha. Mwanzoni hakuwa hodari. Alikuwa na subira tu, na subira ndiyo iliyomfikisha nafasi ya tatu ya wilaya katika mwaka wake wa mwisho. Kuwinda alifundishwa na baba. Kulungu wake wa kwanza alimpata Novemba 1971, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimpa mkono kama anavyompa mtu mzima.

Kiangazi cha 1976 aliajiriwa kwenye yadi ya magogo, na hapo alidumu hadi alipostaafu mwaka 2018. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya mzigo na fimbo ya kupimia, kutazama kila gogo lina unene gani na limeoza kiasi gani, kisha kusema ni mbao ngapi zitatoka. Wakata miti walimwita bahili. Wenye kiwanda walimwambia ana mkono mwepesi wa kutoa. Yeye alisema kama pande zote mbili zinalalamika, basi kipimo kiko sawa.

Kwenye yadi hiyo ndiko alikokutana na Dale Rautio, aliyekuwa akiendesha lori la magogo. Watu walianza kuona kwamba Dale anafika mara nyingi kuliko mizigo ilivyohitaji. Siku moja alikuja na nusu ya mzigo. Ijumaa iliyofuata alikuja na magogo matano tu kwenye lori zima. Verna aliyapima yote matano bila kucheka, akashuka, akamwambia, “Dale, ukitaka kuniona njoo mikono mitupu. Unamaliza dizeli ya baba yako.” Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 5 Septemba 1981. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Karin, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1984.

Wengi wenu mlimjua zaidi kwenye klabu ya shabaha, alikokuwa mkaguzi wa bunduki tangu mwaka 1988. Sheria ya mashindano yetu ni kwamba kifyatuo, yaani kile kichuma kinachovutwa na kidole, kisiwe chepesi kupita ratili tatu. Bunduki husimamishwa ikiwa tupu, mtutu juu, na chuma cha ratili tatu kinaning'inizwa kwenye kifyatuo. Kifyatuo kikilia, yaani kikiachia, bunduki hairuhusiwi. Lakini Verna hakuishia hapo. Siku hizi watu huondoa kifyatuo cha kiwandani na kununua kingine laini zaidi, na alivijua vyote. Alibamiza bolti, yaani chuma kinachofunga chumba cha risasi, kwa nguvu, akagonga kitako cha bunduki kwenye mkeka wa mpira, akafungua na kufunga loki ya usalama mara nyingi, aone kama kitaachia bila kuguswa. Kijana mmoja aliyekataliwa alimlalamikia: “Mama, hiki ni kipya kabisa, bado kina harufu ya boksi.” Verna akamrudishia bunduki. “Harufu siipimi,” akasema.

Sasa nifike kwenye ugonjwa.

Mwezi Oktoba 2019 aliniambia bunduki yake imekuwa ngumu. Nilidhani ni kutu. Ilikuwa ileile bunduki aliyorithi kwa baba, yenye kifyatuo chake cha kiwandani cha karibu ratili tano, alichokuwa amekivuta maisha yake yote. Fundi bunduki wetu, Gordon Lahti, aliifungua akaisafisha, akasema haina kasoro. Verna akatandaza mkono wake wa kulia juu ya meza ya Lahti na kuutazama. Nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea. Tarehe 11 Februari 2020 daktari wa neva mjini Marquette aliuita ugonjwa kwa jina lake. Ni ule unaoua neva zinazoendesha misuli, moja baada ya nyingine, na hauna dawa. Kwake ulianzia kwenye kidole.

Aliniagiza nisiseme kwamba alipigana. Hakupigana; hapakuwa na pa kukamata. Alilofanya ni kununua kifyatuo.

Kile cha kwanza Lahti alikifunga masika ya 2020 na kukiweka kwenye ratili tatu kamili. Verna alikikagua kama angekagua cha mtu asiyempenda. Alikibamiza, akakigonga, kisha akaiacha bunduki kwenye banda la kuni usiku mmoja wa baridi kali aone kama mafuta ya ndani yataganda. Hayakuganda. Alisema ni kifyatuo kizuri, kinaachia kama kijiti kikavu kinavyovunjika, na kwamba ingefaa angekinunua miaka ishirini nyuma. Novemba hiyo alimpata kulungu jike karibu na kibanda chetu cha kuwindia. Tulikula nyama yake hadi Pasaka. Ilipofika Pasaka, ratili tatu zilikuwa zimemshinda.

Mkono wa kushoto haukuwa bora. Miguu ilifuata. Kufikia Agosti 2021 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na mashindano alikuwa ameyaacha mwenyewe bila kuambiwa. Alichotaka kilikuwa kimoja, kukaa tena kwenye dirisha la kibanda siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, na Dale pembeni. Kuinua bunduki hakuhitaji. Alihitaji kidole kimoja tu. Dale akaagiza kifyatuo cha pili, kinachoweza kulegezwa kwa skrubu hadi wakia nane, yaani nusu ratili.

Tulikuwa wanne kwenye karakana ya Lahti siku hiyo ya Septemba. Lahti aliiweka bunduki tupu kwenye mfuko, Dale akamwekea mkewe kidole mahali pake. Kikalia. Verna akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu majira ya baridi. Akaomba tena, na tena, Lahti anavuta bolti na yeye anafyatua, hata Dale akageukia ukutani kujifuta uso.

Kisha Verna akasema, “Haya. Sasa ibamize.”

Lahti alibamiza bolti, na kifyatuo kikaachia chenyewe. Akarudia, kikashika. Akarudia, kikaachia. Alikaza skrubu kidogo. Sasa kilishika, lakini alipogonga kitako kwenye mpira kikalia. Akakaza tena, na tena, mpaka bunduki ikavumilia kila pigo. Akapima: ratili moja na nusu. Dale akauweka tena mkono wa Verna mahali pake. Kidole kikawa cheupe, kikatetemeka, na hakuna kilichosogea. Lahti alishughulika mchana kutwa akitafuta mahali katikati, penye uzito ambao bunduki ingeushika na kidole kingeuweza. Ni fundi mzuri. Mahali hapo hapakuwepo.

Dale akasema wairudishe kwenye wakia nane. Watakuwa waangalifu. Bolti ataifunga yeye, polepole, mtutu ukiwa nje ya dirisha. “Kule ni msitu mtupu,” alisema. “Nani atapita?”

“Nisikilize, Gordon,” Verna alimwambia Lahti, maana sauti yake ilikuwa ndogo tayari. “Ingekuwa ya mtu mwingine, ningesemaje?”

Lahti alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. “Ungesema hairuhusiwi.”

“Basi hairuhusiwi.”

“Lakini wewe si mtu mwingine,” Dale akasema.

“Bunduki haijui mimi ni nani, Dale.”

Hatukubishana tena. Nilitamani angekubali. Hadi leo natamani, ingawa najua alichokiona ni kweli. Karin alipiga simu kutoka Duluth kusema amesoma kuhusu mtambo unaofyatuliwa kwa kunyonya mrija. Verna alimjibu, “Mwanangu, hata uji nanyonya kwa taabu.” Na huo ndio ulikuwa mwisho wa kutafuta.

Tarehe 15 Novemba 2021, siku ya kwanza ya msimu, alitaka kupelekwa kibandani hata hivyo. Dale alimbeba mgongoni kutoka barabarani, maana kiti hakipiti kwenye theluji. Alimketisha dirishani kwa mablanketi na kuweka bunduki yake mwenyewe kando ya mlango. Asubuhi dume la kulungu lenye pembe pana lilitoka kwenye miti, likasimama mahali ambapo mtoto angelipata. Verna akamwambia Dale, “Piga.” Dale alichukua bunduki, akapiga goti, akalenga. Hakuweza. Kulungu alikula machipukizi yake, akatazama huku na huku, akaondoka bila haraka.

Ningependa kuwaambia kwamba walishikana mikono na kumtazama akienda. Dale ameniomba nisome jinsi ilivyokuwa. Verna alilia kwa hasira, akamwambia, “Una vidole kumi, Dale, na hukutumia hata kimoja.” Hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alimwomba amkune puani, na Dale akamkuna, na mambo yakaishia hapo. Hawakuomba radhi, wala mmoja wao hakuwahi kuitaja siku ile tena. Dale anasema anaiota.

Mwezi Desemba sauti ilikwisha kabisa. Alijibu kwa kope, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Mchungaji alimuuliza kama ana amani. Kope zilifumba mara mbili. Mchungaji akadhani amekosea kuhesabu, akauliza upya kwa upole, naye akafumba mara mbili, taratibu, ili asikosewe. Nalisema hili mbele yenu kwa sababu katika maisha yake hakuna aliyewahi kumfanya apime kitu kwa uzito usio wake, na sitaanza mimi.

Verna Rautio alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 19 Januari 2022, akiwa na miaka sitini na minne. Karin alikuwa akimchana nywele. Dale alikuwa ametoka kuondoa theluji mlangoni ili nesi apite. Pumzi ilikatika kama ilivyokuwa ikikatika mara nyingi wiki hiyo, isipokuwa haikurudi. Karin alimgongea Dale dirisha, naye akaendelea kusukuma theluji hadi akamaliza njia nzima, ndipo akaingia.

Marehemu ameacha mumewe, Dale Rautio wa Elo. Binti yake, Karin, na mkwe wake, Stefan, wa Duluth. Wajukuu wawili, Annika na Leif. Mimi mdogo wake, na mke wangu, Joyce. Na wanachama wote wa klabu, ambao hadi sasa hawajachagua mkaguzi mwingine. Wazazi wetu, Eino na Saima, wamelala safu hii hii, upande wa mberoshi.

Kahawa na mkate viko ukumbini chini ya kanisa. Tafadhali msimwache Dale akae peke yake, hata akiwafukuza.

Mungu ampumzishe dada yangu, na mkono wake.