Mama Jerusa na Taa ya Manjano

Tarehe 30 Juni 1999, Bi. Jerusa Nyambeki wa idara ya umeme anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda hiki cha chai. Alianza mwaka 1968 kwenye ubao wa simu, akahamia kwenye injini, na kompyuta zilipoletwa mwaka 1996 akaambiwa hizo pia ni zake. Hapendi kuharakishwa. Hata meneja wetu, Bwana Kiptum, humngoja amalize kikombe.

Ni yeye aliyedai nyaya mbili kati ya mizani na ofisi, kwa sababu mafuko wanaochimba ardhi ya huku Konoin hawaheshimu waya. Nyaya hizo huingia kwenye swichi, visanduku vya kuunganisha kompyuta. Zikifanya kazi zote mbili pamoja, habari huzunguka bila kutoka mpaka kila mashine ikwame. Ndiyo maana Mama aliweka mpangilio uitwao spanning tree: waya mmoja unafanya kazi, wa pili umefungwa, unasubiri wa kwanza ukatike. Huo wa pili huwaka taa ya manjano.

Mimi nililetwa kwake mwaka jana, kwa majaribio ya miezi mitatu, nikitoka kwenye makaushio. Kule taa ya manjano ni ya kukimbilia. Ukizubaa chai inaungua. Siku moja Mama akiwa Kericho kuchukua vipuri, niliiona taa hiyo kwenye swichi. Nikafungua daftari lake la maelekezo, nikauzima ule mpangilio kwenye swichi zote mbili. Taa ikawa kijani. Nilijipongeza kwa dakika moja hivi.

Kisha taa zote zikaanza kupepesa ovyo na kompyuta za mizani zikakwama. Malori saba yakajipanga hadi barabara ya Kimulot, na vitabu vya kuandikia uzito kwa mkono vilikuwa vimeondolewa. Majani mabichi yakikaa kwenye magunia yanapata joto, yanageuka mekundu, hayafai tena. Niliogopa. Nyumbani Chepseon walikuwa hawajamaliza kushangilia kwamba nimepata kazi.

Mama aliporudi alichomoa waya mmoja, akaandika mpangilio upya, akauchomeka tena ule waya. Safari hii aliharakisha mwenyewe. Sikujua kwamba hata yeye huogopa. Swichi husikiliza karibu nusu dakika kabla ya kufungua njia, na nusu dakika hiyo tulikodolea macho taa, mpaka moja ikarudi manjano na kompyuta zikaamka. "Hiyo ya manjano haiko mgonjwa, Chepkurui," akaniambia. "Iko inangoja tu."

Majani ya malori mawili yalitupwa. Bwana Kiptum alipouliza nani aligusa swichi, Mama alisema ni yeye, alikosea kabla ya kwenda mjini. Akaandikiwa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Mimi nikathibitishwa kazini.

Nimenyamaza mwaka mzima kwa woga, na hata sasa naandika nikiogopa, kwa sababu Bwana Kiptum anasoma programu hii ya sherehe ya kumuaga Mama kama nyinyi.

Asante, Mama Jerusa. Tunakuombea miaka mingi ya raha na afya huko Nyamira. Najua utanikasirikia kwa haya, nami nitavumilia. Bwana Meneja, ni mimi niliyegusa swichi. Naomba ile barua itolewe kwenye faili lake leo, iwekwe kwenye langu.

Chepkurui, idara ya umeme