Dereva wa Kompyuta ya Ndani

Kijiwe chetu ni benchi moja la miguu mitatu na tofali, nyuma ya hospitali, pembeni ya lango la kuingizia vifaa. Mimi nashona viatu hapo, kwa hiyo nitake nisitake, nasikia. Asubuhi ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana, lakini walibishana. Breki, dereva mstaafu wa malori, alikuwa na siku mbili hajalala: mkewe yuko wodini, upasuaji unasubiri majibu ya damu, na kila akiuliza anaambiwa mfumo uko chini. Wakili, ambaye sheria hajaisomea popote, alikaa katikati ili asipitwe na neno. Mama Kahawa alikuwa anamimina alipotokea Kebo, fundi wa kompyuta wa hospitali, macho mekundu, akajitupa kwenye benchi.

Kebo: Mama, nipe chungu kabisa.

Breki: Tupe habari kwanza. Mfumo umerudi?

Kebo: Bado, mzee. Dereva hayupo.

Breki: Kaenda wapi?

Kebo: Siyo mtu. Programu ya maabara ni ya kizamani, inazikataa kompyuta mpya. Tukaiwekea kompyuta yake ya kuigiza, inaishi ndani ya ile kubwa inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Hiyo ya ndani haina waya wake, inategemea mtandao wa ile ya nje. Sasa kile kiprogramu kinachoiunganisha ndicho tunakiita dereva.

Wakili: Nimekupata. Kompyuta ina mimba.

Mama Kahawa: Wewe Wakili, kunywa kahawa yako.

Kebo: Juzi Linux ikajisasisha, ikabadilisha kiini chake, yaani moyo wa mfumo. Dereva wa zamani hapatani na kiini kipya. Inabidi nimuunde upya, na vifaa vya kumuundia navyo havilingani na hicho kiini.

Wakili: Huo ni mgomo! Mtu kabadilishiwa gari bila kuulizwa, kagoma. Haki yake.

Breki: Hata mimi niliwahi kupewa lori jipya bila kuelekezwa gia. Nililiacha hapo hapo barabarani.

Kebo: Mzee, huyu hana miguu wala gia.

Mama Kahawa: Mimi nasema hiyo ya ndani imenuna. Nani anapenda kufungiwa tumboni mwa mwenzake?

Wakili: Au haipo kabisa. Umeshawahi kuigusa?

Kebo: Haigusiki.

Wakili: Mmeona? Hospitali imemkabidhi kazi mtu asiyekuwepo, sasa inamtafutia na dereva. Hiyo kesi naishinda nimelala.

Kebo: Amri ileile nimeiandika mara arobaini tangu jana. Jibu ni lile lile, mstari mmoja: dereva hakupatikana. Nimechoka, jamani. Nimechoka mpaka naota herufi.

Breki: Mwanangu, kama kinachokosekana ni dereva, nipeleke mimi. Leseni bado ninayo.

Tulicheka. Kisha tukaona Breki anaitoa leseni mfukoni kweli, tukaacha. Nilimwonea huruma, na nilijichukia kwa kucheka.

Hapo ndipo binti wa Breki alipotoka langoni, akihema juu juu.

Binti: Shikamooni. Baba, daktari anasema chumba cha upasuaji kiko wazi mpaka saa sita. Ikipita hapo, mpaka wiki ijayo, na mama hali yake unaijua.

Breki: Dereva hajapatikana, mama.

Binti: Dereva gani tena? Kaka Kebo, hiyo kompyuta ya maabara imezimika?

Kebo: Hapana, inawaka. Majibu yamo yote, ila hayawezi kutoka kwenda wodini.

Binti: Jina la mama unaliona kwenye kioo?

Kebo: Naliona.

Binti: Na majibu yake unayasoma?

Kebo: Nayasoma.

Binti: Sasa mbona hamkuyaandika kwenye karatasi nikayapeleka kwa miguu?

Mama Kahawa alishughulika na birika ambalo halikuwa na shida yoyote.

Kebo: Tuliambiwa tusubiri mfumo.

Alisema hivyo polepole, na nadhani alijisikia mwenyewe. Kutoka maabara hadi wodini hazifiki hatua themanini. Akaweka kikombe chini, akaniomba kalamu ninayochorea soli. Nilipoinuka kumpa, Breki alikuwa ameshafika langoni.