Mama Godelieve na Neno la Kiskoti

Tarehe 31 Machi 2014 Mama Godelieve Ndayizeye anastaafu, baada ya miaka kumi na minne ya ukalimani katika kituo chetu cha Newtown. Alifika Johannesburg kutoka Bujumbura, alikokuwa mwalimu wa Kifaransa. Hapa alianza kwa kusuka nywele Malvern, huku akiwasindikiza wateja wake kliniki ili awafasirie. Kituo kiliposikia habari zake, kikamwajiri.

Amefasiri mahospitalini, polisi na, mwaka 2008, kwenye mahema ya watu waliofukuzwa majumbani mwao. Chai yake huwa kali mno, na Kiswahili chake cha Kirundi tumeshindwa kukinyoosha. Sasa tumekizoea, na baadhi yetu tunakiiga.

Kazi yake tunayoikumbuka zaidi ni ya mwaka 2011. Pitchou, mlinzi Mkongomani, alishtakiwa na kampuni yake kwamba aliacha lango la nyumba moja katika mtaa wa Observatory. Alisema mwenye nyumba alimruhusu ampeleke mwanawe hospitali. Hakuna aliyemwamini. Mwenye nyumba, Bi Elspeth, alikuwa mzee mzaliwa wa Uskoti aliyepata kiharusi baada ya siku ile, na maneno ya utotoni yalikuwa yamemrudia.

Katika kikao cha nidhamu cha kampuni, ambako Mama alimfasiria Pitchou, Bi Elspeth alitumia kitenzi “thole”. Mwenyekiti alisema maana yake ni kwamba alimvumilia tu Pitchou, akaamuru kikao kiendelee. Mama Godelieve aliinua mkono.

“Samahani, mwenyekiti,” alisema. “Neno hilo silijui. Siwezi kubahatisha neno linaloamua kazi ya mtu. Naomba mama mwenyewe alieleze.”

Mwenyekiti aliguna, lakini Bi Elspeth alikwisha kumgeukia Pitchou. “Nilimpa ruhusa,” alisema polepole. “Mtoto alikuwa na homa. Bibi yangu alisema hivyo: ku-thole ni kumwachia mtu afanye.”

Pitchou alifunika uso kwa kofia yake. Alirudi kazini wiki iliyofuata.

Eish, Mama hakuishia hapo! Alikwenda maktaba kulichimba neno lile. Aligundua kuwa maana yake kuu ni kustahimili shida au maumivu, na kwamba Waskoti wa zamani walilitumia pia kwa kuruhusu. Katika mahakama zao, aliye-thole baraza, yaani aliyekwisha kupitia kesi hadi hukumu, hashtakiwi tena kwa kosa lilelile. Na supu isiyokolea husemwa kuwa inaweza ku-thole chumvi, yaani ikiongezwa itanoga. Tulisikia habari hizo mwezi mzima, tupende tusipende.

Leo kila mkalimani mpya kituoni hufundishwa jambo moja kabla ya mengine: usilolijua, uliza, hata mkubwa akikunja uso. Mafunzo hayo ameyaanzisha yeye, na mwenzetu Murielle atayaendeleza.

Mama Godelieve, asante kwa subira, kwa ukweli na hata kwa ukali wako. Wewe na wajukuu zako tunawaombea afya, utulivu na siku njema nyingi. Simu ikiita alfajiri kumtafuta mkalimani, iache iite. Sisi tutapokea.

Vuai, kwa niaba ya wenzako wote