Gitaa la Kurudisha

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, guu lake moja limewekewa tofali. Mbele yake ipo cherehani ya Mama Pindo, ambaye ndiye huja na chupa ya kahawa, na ndiye huamua nani kashakunywa vya kutosha. Ukipita hapo na jambo lako, hesabu limeshakuwa la wote. Asubuhi ile aliyepita na jambo alikuwa Randa, seremala wa karakana ya jirani, kabeba gitaa jipya kifuani kama mtu anayewahisha mgonjwa zahanati. Alikuwa analirudisha dukani. Alikusudia kutoa salamu tu na kupita, lakini Mama Pindo alikwisha kummiminia.

— Kaa, baba. Duka halina miguu.

Randa akakaa ukingoni kabisa mwa benchi, gitaa mapajani, kisigino kikigonga chini bila kutulia.

— Majuzi umelinunua, leo unalitembeza, alisema Breki. Huyu ni dereva wa lori la mchanga, na lori likiharibika yeye hushinda kijiweni. Lori lile lilikuwa na moyo wa kuharibika. — Limekukosea nini?

— Halitoi sauti.

— Gitaa zima lina nyuzi zote, halitoi sauti?

— Linatoa. Lakini siyo. Linakwaruza, kama lile la kwanza tu.

Wembe, kinyozi, akachungulia mlangoni, kitambaa begani.

— Si ulituambia la kwanza limepinda shingo, ndiyo maana unanunua la pili?

— Nilisema.

— Na hili?

— Limenyooka. Nimelipima kwa rula mwenyewe.

— Basi ni mbao mbichi. Mti bado unajiona uko msituni. Lipe muda, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mbao ni kavu, Wembe. Hapo usinifundishe.

— Na uvunguni linaingiaje, gitaa lenyewe lina tumbo lile? aliuliza Breki. Akajivuta mbele, hapo ndipo mtu hujua kwamba amepata nadharia. — Sikilizeni. Yote mawili umeyaweka chumba kimoja?

— Ndiyo.

— Umekwisha. Bi mkubwa na bi mdogo kitanda kimoja! Lile la zamani linamnunia mwenzake, na huyu mgeni anaona haya kuimba mbele ya mwenye nyumba. Ndiyo wahenga wakasema, njia mbili zilimshinda fisi.

— Fisi hakuwa na gitaa, alisema Wembe.

— Angekuwa nalo angeshindwa vilevile.

Walicheka. Randa naye alicheka kidogo, akainuka, akatazama upande wa dukani, akakaa tena. Alipolitazama lile gitaa, rangi yake ya asali, ukingo uliopigwa msasa na mtu anayeijua kazi, roho ilimuuma kwa namna mbili: alitamani lisingekuwa lake, na alitamani asiachane nalo.

— Mimi naona kosa ni la duka, Breki aliendelea. — Nimepita pale. Ukutani kote ni matarumbeta. Gitaa limelala na matarumbeta usiku na mchana, litaacha kukoroma? Ukikaa karibu na uaridi utanukia. Hilo limejifunza kupuliza!

— Kwa hiyo lirudi likae na matarumbeta zaidi? aliuliza Wembe.

— Likabadilishwe! Na hilo jingine liwekwe karantini kwanza.

Mama Pindo alikuwa akishona pindo la suruali, akacheka mpaka akatoa mguu kwenye cherehani. Na kwa kucheka huko ulimi ukateleza.

— Nyie nanyi! Mbaazi ukikosa maua...

Nusu ya pili ya methali ile kila mtu anaijua, kwamba husingizia jua, na kila mtu aliisikia ingawa haikusemwa. Mama Pindo akarudi kwenye suruali, akashona haraka mno.

Maana lilikuwepo neno moja ambalo kijiwe kizima hakikuthubutu kulitia mdomoni. Zamani Randa akifunga karakana jioni, alikuwa akipiga gitaa hapo hapo kwenye benchi, hata wateja wa Wembe wakakawia kuliko nywele zao zilivyodai. Kisha msumeno wa umeme ukampitia kidole cha pete, mkono wa kushoto, ule wa kubonyezea nyuzi. Breki ndiye aliyempakia kwenye lori. Wembe alimfunga kwa taulo yake nyeupe, na hakuidai tena. Mama Pindo alikaa na mkewe hospitalini, wameshikana mikono. Kidole kilishonwa, kikashika, kikabaki kimenyooka kama kijiti. Tangu hapo walimuuliza habari za kazi, za watoto, za mvua. Mkono ule alizoea kuutia mfukoni, nao walizoea kutoutazama.

— Kahawa bado ipo, nani anaongeza? aliuliza Wembe, ingawa vikombe vyote vilikuwa vimejaa.

Ndipo akafika mtu asiyemjua yeyote pale: fundi bomba, begi la spana mkononi, ameitwa kuzibua sinki la Wembe. Akasalimia, akapewa kikombe, akakaa karibu na Randa. Randa akasogea ampishe, gitaa likateleza, akalidaka kwa mikono miwili.

— Kaka, hicho kidole kinakunjika?

Aliuliza hivyo tu, kama mtu anayeuliza saa. Breki, mwenye nadharia za ulimwengu mzima, aliangalia viatu vyake.

Randa aliukodolea macho mkono wake mwenyewe kana kwamba kaletewa wa mtu mwingine. Akajaribu. Vidole vingine vikainama. Kimoja kikabaki kimesimama.

— Hakikunjiki, alisema. Akakijaribu tena. — Hakikunjiki. Nimefanya mazoezi yote aliyonipa daktari. Gitaa halina kosa. Hata lile la kwanza halikuwa na kosa, niliwadanganya nyie na mke wangu.

— Samahani, niliuliza tu, alisema fundi bomba.

— Mlijua kwamba kosa ni la kidole? Randa aliwageukia wenzake.

— Tulijua, baba, alisema Mama Pindo. — Tungeanzia wapi?

Fundi bomba akainuka taratibu, akaingia ndani kuzibua sinki. Kisigino cha Randa kikaanza tena kugonga.

— Duka linafungwa mapema leo, Breki alisema kwa upole. — Nikusindikize?

— Lifunge.

Akaliweka gitaa sawa mapajani na kuanza wimbo aliokuwa akiupiga zile jioni. Vidole vitatu vilihangaika kufanya kazi ya vinne. Uzi mmoja ulikwaruza, akauacha. Palipotakiwa kidole cha pete akaparuka, na wimbo ukabaki na pengo, kama mdomo uliong'olewa jino. Aliuma meno, akaanza upya, pengo likaja palepale.

Mara ya tatu, pengo lilipofika, Breki alilijaza kwa mluzi. Alilijaza vibaya sana.

Randa akasimamisha mkono.

— Juu kidogo, alisema, akaanza tena.