Maisha ya Imakulata Modest Masolwa, Muuguzi wa Wanafunzi Wenye Sikoseli (1987–2025)

Wasifu huu umesomwa na kaka yake, Wilbroad Masolwa, nyumbani Kwihara, Jumatano tarehe 16 Julai 2025.

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kwihara, na ninyi mliotoka Tabora mjini, Kigwa na Nzega: aliyelala mbele yetu ni Imakulata, binti wa nyumba hii, mke, mama na muuguzi. Familia inaomba mmsikilize kwa mara ya mwisho.

Marehemu alizaliwa hapa Kwihara tarehe 8 Desemba 1987, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na hapo ndipo lilipotoka jina lake. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Modest Masolwa, mkulima wa tumbaku na karanga, na mama Agnetha. Aliikuta nyumba imeshaonja msiba. Dada yake Getruda alikuwa amefariki akiwa na miaka sita, kwa maradhi ambayo kijijini yaliitwa tu ugonjwa wa mifupa. Imakulata alipoanza kuvimba vidole akiwa bado ananyonya, mama alijua kabla ya daktari. Alimbeba mgongoni kwa njia ya zamani ya misafara hadi mjini, mzee Modest akitangulia na kikapu cha nguo. Huko ndiko familia hii ilikosikia kwa mara ya kwanza neno sikoseli. Daktari aliwaeleza kwamba ni ugonjwa wa damu, na kwamba mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili. Wakiwa njiani kurudi, mzee Modest alimwambia mkewe, "Basi tuache kutafuta mchawi, Agnetha. Mchawi ni sisi." Mwaka 1993 walimzika Emilian, kaka yake marehemu, kwa ugonjwa huohuo. Mzee Modest naye alitangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1995 hadi 2001, akikosa masomo karibu kila msimu wa baridi, na bado akafaulu. Kidato cha kwanza hadi cha nne alisoma katika shule ya bweni mkoani humu. Huko mchakamchaka ulikuwa alfajiri, na maji ya kuoga yalikuwa ya baridi. Siku moja alishindwa kukimbia, mwalimu wa zamu akamwita mvivu na kunyanyua fimbo. Imakulata akamwambia, "Shikamoo mwalimu. Nichape sasa hivi, ili jioni nipate nafasi ya kuumwa." Mwalimu alicheka, fimbo ikashuka. Lakini jioni hiyo aliumwa kweli, na wenzake wa bwenini walimzunguka wasijue wamshike wapi, maana kila walipomgusa alipiga kelele. Alisema baadaye kwamba maumivu aliyazoea. Alichoshindwa kuzoea ni zile nyuso zisizojua la kufanya.

Baada ya kusomea uuguzi, aliajiriwa mwaka 2009 katika hospitali mjini Tabora. Ni humo wodini alimokutana na Sixbert Ngollo, fundi wa reli kutoka Kigwa, aliyekuwa anamuuguza mama yake. Sixbert alipoleta habari za uchumba, Imakulata alimtuma kwanza akapime damu. Majibu yakaonyesha kwamba yeye haumwi, ila amebeba nusu ya kile ambacho kingemfanya mtoto wao augue. Imakulata akamkataa. Sixbert akarudi.

"Nimekuja kukuposa wewe," alisema, "sikuja kuposa damu."

"Na watoto wakija, watakuja na nini kama si damu?"

Sixbert aliaga akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi tena bila jibu, na akaendelea kuja hivyohivyo. Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 2013 katika kanisa la parokia yetu, wakahamia Mtendeni, mjini Tabora. Mama mkwe alimwita mayu, yaani mama, tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kumuuliza habari za wajukuu.

Mwezi Aprili 2016 Mungu aliwajalia binti, Julieth. Mtoto alipofikisha miezi sita alipimwa, na majibu Imakulata aliyasoma mwenyewe, kwa sababu alikuwa zamu. Alipofika nyumbani Sixbert alimuuliza, "Vipi?" Akajibu, "Ni wangu." Aliingia jikoni, akakoroga uji.

Mwaka uliofuata alikwenda Dar es Salaam kusomea afya ya jamii, akamwacha Julieth kwa bibi yake hapa Kwihara. Alirudi mwaka 2019 na utafiti wake: namna wanafunzi wenye sikoseli wanavyoishi bwenini, nani huwahudumia wanapozidiwa, na nini kifanyike ili wasome kama wenzao. Alizunguka shule za Tabora, Uyui na Nzega. Aliwakuta watoto wanaoficha ugonjwa wao wasije wakachekwa, na wengine waliokunywa maji kidogo makusudi ili wasiombe ruhusa ya kwenda chooni. Kwa hiyo hakuishia kuuliza maswali. Aliwafundisha matroni na mapatroni kuitambua dharura: mtoto apewe maji, afunikwe, apewe dawa ya maumivu, na akilalamika kifua, gari litafutwe papo hapo.

Mafunzo yake yalikuwa ya vitendo. Safari moja patroni aitwaye Masanja, mtu wa miraba minne, aliambiwa aigize mgonjwa. Alijitupa sakafuni akalia kwa sauti hata mpishi akatoka jikoni mbio na ndoo, akammwagia maji yote. Imakulata alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawageukia walimu: "Mpishi amekosea, maji ni ya kunywa. Lakini yeye amekuja. Ninyi mmesimama mnatazama."

Katikati ya mwaka 2022 mradi uliogharamia mafunzo hayo ulifika mwisho wake. Waliofundishwa wakahamishwa mmoja baada ya mwingine, kama kawaida ya kazi. Matroni Siwema, aliyekuwa mwanafunzi wake hodari kuliko wote, alipelekwa wilaya nyingine. Shuleni alimwacha binti wa kidato cha tatu, Zuwena, mwenye sikoseli, ambaye Imakulata alimpenda kwa sababu naye alikuwa na mdomo. Mwezi Machi 2023 mvua iliwakuta wanafunzi shambani. Zuwena alilalamika kifua. Matroni mpya, ambaye hakuna aliyemweleza lolote, alimpa dawa ya malaria na kumwambia alale. Gari lilipotafutwa, hakuwa na haja nalo tena. Siwema ndiye aliyepiga simu akilia: "Dada Ima, mtoto wetu hatunaye."

Imakulata alikwenda Nzega kuzika. Baba wa binti, mzee Rashidi, alimkaribisha kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu alituambia kuna muuguzi anakuja kuwafundisha walimu wake."

"Ni mimi, baba. Tuliwafundisha."

"Walijifunza nini?"

Sixbert, aliyekuwa amemsindikiza, ndiye aliyetusimulia maneno hayo.

Baada ya hapo alizunguka maofisini akiomba mafunzo yawe ya kudumu. Kila ofisi ilimpokea vizuri, ikamsifu na kumwambia asubiri. Mwisho wa wiki alikwenda mashuleni peke yake, akitembelea fimbo, maana nyonga ilikuwa imeharibika. Alipomaliza kufundisha shule moja, ile ya kwanza ilikuwa imeshabadilisha watu. "Baba Julieth," alimwambia mumewe, "ninachota maji kwa tenga." Sixbert akamsihi apumzike. Jumamosi iliyofuata akaenda tena.

Tangu mwishoni mwa mwaka jana alilazwa mara mbili na kuongezewa damu. Madaktari walisema figo zinazidi kudhoofika. Jumamosi ya tarehe 12 Julai alikuja hapa na Julieth kumwona mama. Jumapili asubuhi, baridi ikiwa kali, kifua kilimbana. Julieth ndiye aliyeleta maji na blanketi, akamwambia mama Agnetha, "Bibi, mpigie baba. Tusingoje." Gari lilikuja mapema. Hospitali ilimpokea mara moja, akawekewa hewa ya oksijeni, akaongezewa damu. Wenzake wa kazi walitoa damu, na Masanja alifika kutoa yake. Familia inalisema hili kwa sababu tumesikia watu wakiulizana nani alichelewa. Hakuna aliyechelewa. Kila alichofundisha kilifanyika, na hakikumponya.

Jioni ile kaka yake alimwambia, "Utapona. Umeshapona mara ngapi?" Akajibu, "Ndiyo hizo zimeisha." Alifariki Jumatatu asubuhi, tarehe 14 Julai 2025, mkono wake ukiwa kwa mumewe.

Marehemu ameacha mume, Sixbert Ngollo, mama mzazi, Agnetha, mama mkwe, kaka, Wilbroad, na mtoto, Julieth, mwenye miaka tisa, anayesoma darasa la tatu na anayetumia vidonge vya sikoseli kila siku, vinapopatikana.

Tulipokuwa tukiandika wasifu huu tulimuuliza mama angependa tumalizie kwa maneno gani. Mama, ambaye leo anamzika mtoto wa tatu kwa ugonjwa mmoja, alisema, "Msiandike kwamba alishinda. Andikeni alichoka."

Tumeandika hivyo. Alichoka. Ee Bwana, mpe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa. Amina.