Karte Iliyokataa Kufanya Kazi Katindo

—Na mimi, kahawa yangu iko wapi?

Kahindo aliuliza bure. Vikombe vilikuwa vimeshapita mbele ya pua yake, mkono kwa mkono, na wazee walikuwa wameinamia kompyuta kama watu wanaotazama mgonjwa. Benchi lenyewe ni ubao juu ya mawe mawili ya lava, mbele ya kibanda cha papa Cyprien pale mtaani Katindo, Goma. Cyprien ana bouilloire, birika kubwa la umeme la kuchemshia maji ya kahawa, na balbu asiyoizima hata mchana, maana kwake balbu ndiyo tangazo la biashara. Siku ile, mwisho wa benchi, paliwekwa mashine ya Kahindo ikiwa na ubavu wazi, imechomekwa kwenye rallonge, waya mrefu wa umeme wa kibanda, kwa kuwa nyumbani kwao courant ilikuwa imekatika tangu juzi.

Kahindo anasoma usanifu wa majengo, na mdomo wake wa midahalo unajulikana chuo kizima. Kesho yake asubuhi angesimama mbele ya jury ya walimu na filamu ya dakika moja aliyoichora mwenyewe kwa kompyuta, Goma inavyoonekana kutoka juu. Ruffin, wa darasa lake, alimwambia mbele ya wote aitume Kampala ikamaliziwe huko, eti mashine za hapa hazina nguvu. Kahindo akaapa: itatoka Goma, au hatasimama kabisa.

Benny, muuzaji wa vipuri, akamwachia karte mbili azijaribu. Karte ndiyo sehemu ya kompyuta inayochora picha. Moja ilikuwa ndogo, ya zamani. Nyingine kubwa, yenye feni tatu. Jioni Benny angerudi kuchukua itakayokataliwa. Ile ndogo ilimaliza kipande cha majaribio, lakini kwa mwendo wake filamu nzima ingetoka jury wakiwa wamesharudi kwao. Ile kubwa ilikimbia vizuri sana, kisha mashine ikazimika yenyewe. Wakajaribu tena. Ikazimika tena.

—VAR imeisha kata, alisema mzee Nsanzimana. Walimpa jina la VAR, mwamuzi wa video wa mpira, kwa sababu huamua kila ubishi, hata ule asiouona. —Ndogo, bao moja. Kubwa, itoke uwanjani.

—Ndogo ni tshukudu, akaongeza Adalbert, aitwaye Ministre kwa ajili ya koti lake, si kwa cheo chochote, akimaanisha kile kigari cha mbao cha kubebea makaa. —Inaenda polepole, lakini inafika. Hii kubwa ni Fuso ya kuazima.

—Papa, tshukudu yako itafika soko imefungwa. Ni nani atanunua mukaa? Kahindo akauliza.

—Mutoto, usikasirike. Hii iko na maelezo, VAR akasema. —Makarte wanazitengeneza chini, kando ya bahari. Huku Goma tuko juu. Pumzi inakata, kama timu ya wageni.

—Na ile ndogo ilizaliwa Lubero, kwenye milima? Kahindo akauliza.

Cyprien akacheka, akaendelea kumimina. Ministre akavuta koti lake.

—VAR, wewe unasema bila kusoma. Ndani ya karte muko madini ya kwetu, ya Masisi. Kubwa iko nayo mingi. Sasa imefika, imesikia harufu ya udongo, imejua: niko nyumbani! Mutoto akirudi kwao atafanya kazi siku ya kwanza?

—Anapumzika! Cyprien akajibu.

—Voilà. Iko napumzika.

—Mimi nafikiri ni gaz ya lac, Cyprien akasema, akielekeza kidole ziwani.

—Gaz ni kidogo, Ministre akasema. —Ni Nyiragongo! Ule mulima ya moto unavuta kila kitu yenye chuma. Ata saa yangu inachelewa juu yake.

—Saa yako inachelewa tangu ununue, papa, Kahindo akamwambia.

VAR akamgusa bega, kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi.

—Mutoto, usijitese. Tuma tu Kampala.

Damu ikampanda Kahindo.

—Papa VAR, nyumba yako imejengwa na nini?

—Na mawe.

—Mawe gani?

—Ya volcan. Unayajua.

—Lava ilipita juu ya mji, munarudi, munavunja ile ile lava, munaijengea kuta. Kuna mutu alituma kuta Kampala?

Hapo Kahindo akarudiwa na akili yake ya midahalo. Ukiambiwa nani kashinda, uliza kwanza kama wawili hao walipimwa sawasawa. Akaitazama balbu: ilikuwa nyekundu kama kaa linalotaka kufa. Akatazama vikombe vilivyompita.

—Papa Cyprien, wakati karte ndogo inafanya kazi, ulikuwa wapi?

—Nilienda kuchota maji.

—Bouilloire ilikuwa inawaka?

—Bila maji? Niiunguze?

—Na wakati wa kubwa?

Cyprien akaigeukia bouilloire iliyokuwa ikifoka mvuke. Ministre akaweka kikombe chake chini polepole.

—Kila mara munapopata kahawa, mimi napoteza filamu. Rallonge ni moja, courant ni kidogo. Bouilloire inakunywa yote, karte kubwa inabaki na kiu. Muichomoe.

—Kuchomoa! Ministre akapiga kelele. —Benchi bila kahawa ni ubao!

—Basi mutakalia ubao, papa.

Cyprien akachomoa. Balbu ikawa nyeupe. Feni tatu zikaanza kuvuma, na hakuna aliyeondoka. Mteja akija, Ministre alimfukuza mwenyewe:

—Rudia baadaye. Tuko kazini.

VAR alisoma asilimia kwa sauti, kama matokeo ya mpira. Ilipokaribia soixante, yaani sitini, pale ilipofia mara zote mbili, akashika kichwa. Soixante ikapita. Ministre akasimama. Ilipofika quatre-vingts, themanini, Cyprien naye akasimama.

Kisha filamu ikacheza. Mapaa, kuta nyeusi moja baada ya nyingine, ziwa, pirogi, ile mitumbwi ya pwani ya Kituku. Picha ikageuka, ikafuata barabara hadi Katindo, ikashuka kwenye balbu moja inayowaka mchana.

—Ile ni benchi yetu! Cyprien akasema.

—Na ule ameketi ni mimi, Ministre akasema.

—Sijaweka watu, papa.

—Ni mimi. Naijua mahali yangu.

VAR alipangusa macho, akasingizia vumbi.

—Mwambie Ruffin watu wa Kampala watume zao hapa.

Ndipo Benny alipofika na begi lake.

—Iko ipi imeshindwa, niibebe?

Waamuzi wote wakatazama upande wa ziwa. Kahindo akampa karte ndogo.

—Haijashindwa. Ilicheza peke yake uwanjani, bouilloire ikiwa baridi.

Akaihifadhi filamu mara mbili, akafunga ubavu wa mashine, akaketi katikati ya benchi, kati ya VAR na Ministre, nao wakasogea.

—Papa Cyprien, rudisha bouilloire. Kikombe ya kwanza unipe mimi.